Kuandika msaada wa programu mtandaoni kwa pesa ya kuungaunga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtu wa kupokea simu za watumiaji wa mfumo mdogo wa hesabu za SACCOS. Ofisini tulikuwa wanne, bajeti ya miongozo ilikuwa sifuri, na "samahani kaka, mfumo umegoma" ilianza kuingia saa mbili asubuhi. Nikajifunza kuandika kurasa za msaada kwa zana za bure na bando la wiki. Maswali yaliyo hapa ni ya watu waliotupiwa kazi hiyo baada yangu: waandishi wa programu, walimu wa kompyuta, kina dada wa huduma kwa wateja. Nimeyaacha karibu kama walivyoyauliza.

Msaada wa mtandaoni ni nini hasa? Si ni ile PDF tuliyowatumia wateja?

PDF nayo ni msaada, ila ina ugonjwa mmoja: ukishaituma, imekutoka. Wewe una toleo la tatu, mteja ana toleo la kwanza limejificha kwenye folda ya Downloads katikati ya picha za harusi, na mnabishana kwenye simu kuhusu ukurasa wa 61.

Kwenye msaada wa mtandaoni kila tatizo lina ukurasa wake, na kila ukurasa una anwani yake. Mtu akiandika WhatsApp "siku haifungi", yaani hesabu za siku zinakataa kufungwa, unamtumia kiungo kimoja kinachofungua jibu hilo tu. Ukirekebisha kosa leo, kesho wote wanasoma kilichorekebishwa.

Jambo lenyewe si geni. Waliotumia Windows tangu zamani wanakijua kitufe cha F1, kile cha kufungua msaada. Windows 3.0 ya mwaka 1990 ilikuja na WinHelp, yale mafaili ya .hlp. Mwaka 1997 Microsoft wakaleta aina nyingine ya faili la msaada, CHM, na Windows Vista ilipotoka WinHelp ikaachwa nje. Baadaye msaada ukahamia kwenye kivinjari, na hapo ndipo sisi wa mfuko mwembamba tulipopata upenyo, maana kuandika ukurasa wa wavuti hakuhitaji leseni ya mtu.

Lazima ninunue RoboHelp au Flare?

Hapana. RoboHelp ipo tangu 1992, imepita mikononi mwa Macromedia na sasa ni ya Adobe. MadCap Flare ilitoka 2006. Ni zana nzuri kwa kampuni yenye kurasa mamia, matoleo mengi ya bidhaa moja na timu nzima ya waandishi. Leseni zake ni za dola, na si dola kumi. Kwa kurasa arobaini za mfumo wa duka la dawa, ni kama kukodi fuso kubeba gunia moja la mkaa.

Basi nitumie nini?

Mafaili ya maandishi ya kawaida yaliyoandikwa kwa Markdown, pamoja na programu ndogo ya kuyageuza kuwa tovuti. Markdown ni alama chache alizozitoa John Gruber mwaka 2004: alama ya # mbele ya kichwa cha habari, nyota mbili kila upande wa neno unalotaka likolee, tarakimu na nukta kwa hatua. Nusu saa inatosha kuzijua, na faili lako litafunguka hata kwenye Notepad miaka ishirini ijayo.

Ya kuyageuza, mimi natumia MkDocs. Ukishakuwa na Python (lugha ya programu inayoiendesha) kwenye kompyuta, yenyewe inakula megabaiti chache tu. Kazi nzima ya siku ya kwanza ni amri hizi nne, unazoziandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt):

pip install mkdocs
mkdocs new msaada
cd msaada
mkdocs serve

Kisha fungua kivinjari na uandike 127.0.0.1:8000. Utaona tovuti yako, bila intaneti. Ndani ya folda ya docs kuna faili la index.md, lifungue, badilisha sentensi moja, hifadhi, na ukurasa utabadilika mbele ya macho yako. Mpangilio wa menyu unaandikwa kwenye mkdocs.yml, na hapo angalia nafasi za mwanzo wa mstari. Nafasi moja ikizidi, mfumo mzima unanuna. Ukimaliza, amri ya mkdocs build inakupa folda iitwayo site yenye HTML tupu, ambayo unaweza kuiweka popote.

Kuna nyingine. Sphinx ilianza 2008 kwa ajili ya miongozo ya lugha ya Python na ina nguvu sana, lakini itakuchukua muda kuizoea. Docusaurus ya Facebook, iliyotoka 2017, inapendeza, ila inapakua vifurushi vingi vya Node, programu inayoiendesha, na bando dogo litalia. Hugo ni nyepesi na ina kasi. Usikae wiki nzima ukizilinganisha. Miongozo ya DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, imeandikwa kwa Markdown hiyo hiyo, kwa hiyo usidhani umepewa zana ya watoto.

Tovuti nitaiweka wapi bila kulipia?

GitHub Pages, huduma ya tovuti ya GitHub ambako watu huhifadhi mafaili ya programu, ndiyo njia ya watu wengi. Unafungua akaunti, unapakia mafaili yako, na amri ya mkdocs gh-deploy inapeleka tovuti hewani kwenye anwani inayoishia na github.io. Kikomo chake ni tovuti ya ukubwa wa GB 1 na matumizi ya takriban GB 100 kwa mwezi. Kurasa za maandishi haziwezi kufika huko, labda uanze kupakia video. GitLab na Cloudflare nao wana huduma za namna hiyo.

Kwa akaunti ya bure, mafaili yako yanakuwa wazi kwa dunia nzima. Na hapa nina kovu langu. Nilipiga picha ya skrini ya orodha ya wanachama ili kuonyesha kitufe cha kutafuta, nikaipakia nikiwa na haraka. Majina yalikuwa ya watu halisi, na salio la kila mmoja limekaa pembeni yake. Nilipogundua jioni, nikalifuta faili na kushusha pumzi. Mwenzangu akaniambia: Git, programu inayotunza historia ya mafaili kwenye GitHub, haisahau. Faili lililofutwa leo bado lipo kwenye kumbukumbu za jana, na yeyote anaweza kurudi nyuma akaliona. Ilibidi tufute hifadhi nzima na kuanza upya.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na hata kama sheria zisingekuwepo, salio la mtu ni siri yake. Tengeneza SACCOS ya uongo ndani ya mfumo wa majaribio, wape wanachama majina ya kubuni, na picha zote zipigwe humo. Kazi ya saa moja, inakuponya miaka.

Mimi si mwandishi. Naanzia wapi?

Anzia kwenye simu. Nunua kaunta buku, uiweke karibu na simu ya ofisi, na kwa wiki mbili kila anayepiga andika swali lake kwa maneno yake. Usilisafishe. Akisema "nimeingiza hela ya mtu kwa mtu mwingine, nafutaje?", andika hivyo hivyo. Swali likijirudia, weka kijiti pembeni yake.

Wiki mbili zilipoisha, maswali yenye vijiti vingi kwenye buku langu hayakufika ishirini. Na mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa thelathini na kitu za kueleza kila menyu ya mfumo kuanzia juu kushoto, kurasa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziuliza. Moja ilieleza jinsi ya kubadilisha rangi ya mandhari. Nilijitahidi sana kwenye ukurasa ule.

Daniele Procida ana mgawanyo wake, uitwao Diátaxis, unaosaidia hapa. Anasema miongozo ni ya aina nne: somo la kumshika mgeni mkono, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kuangalia taarifa, na maelezo ya kueleza kwa nini jambo liko hivyo. Ukiwa na mfuko mwembamba na muda mchache, andika aina ya pili kwanza. Karani mwenye foleni ya watu dirishani hana haja ya kujua falsafa ya daftari la pande mbili; anataka foleni isogee.

Ukurasa mzuri unafananaje?

Nikuonyeshe ule niliouandika kwanza kwa swali la hela iliyoingia kwa mtu mwingine:

"Moduli ya Marekebisho ya Miamala humwezesha mtumiaji mwenye mamlaka stahiki kufanya ubatilishaji wa muamala uliokwisha kuingizwa katika mfumo kwa kuzingatia taratibu husika."

Nilijiona msomi. Simu hazikupungua hata moja. Huu ndio uliokuja kukaa mahali pake:

"Nimeingiza marejesho kwa mwanachama asiye sahihi

Kama siku haijafungwa, unaweza kurekebisha mwenyewe. Kama imeshafungwa, mwambie meneja. Ni yeye mwenye ruhusa.

1. Fungua Transactions, kisha Today.
2. Tafuta muamala kwa namba ya risiti.
3. Bofya Reverse mwishoni mwa mstari huo.
4. Andika sababu, kisha bofya Confirm. Mstari utageuka mwekundu.
5. Ingiza marejesho upya kwa mwanachama sahihi.

Mstari haukugeuka mwekundu? Usibofye Reverse mara ya pili. Fungua Today upya kwanza, mara nyingi ni mtandao tu umechelewa."

Kichwa ni sauti ya anayepiga simu. Sharti limekuja kabla ya hatua, ili asiyeruhusiwa asifike hatua ya tatu ndipo agonge mwamba. Hatua ya nne inamwambia atakachokiona, maana mtu aliyebabaika hatulii mpaka aone ishara. Na mstari wa mwisho ndio uliopunguza simu kuliko yote: watu walikuwa wanabofya mara mbili, muamala unabatilishwa na ubatilishaji wake unabatilishwa, na mimi nakaa jioni nzima na mhasibu tukifumua.

John Carroll na wenzake walilichunguza hili kwenye maabara za utafiti za IBM miaka ya 1980. Waliona watu hawasomi mwongozo kuanzia mwanzo. Wanaruka moja kwa moja kufanya kazi, wanakwama, ndipo wanatafuta msaada. Kwa hiyo andika kifupi, na sehemu ya "ikikataa" uipe heshima sawa na hatua zenyewe.

Mfumo wenyewe uko kwa Kiingereza. Maelezo niandike kwa lugha gani?

Andika kwa lugha ambayo watumiaji wako wanaitumia kuuliza. Wa kwangu wanauliza kwa Kiswahili, kwa hiyo naandika Kiswahili. Lakini majina ya vitufe yaache kama yanavyoonekana kwenye skrini. Kitufe kimeandikwa Save, wewe ukiandika "Bofya Hifadhi", mama wa watu atakitafuta Hifadhi mpaka jioni. Andika "Bofya Save", uliandike kwa wino uliokolea, basi.

Kwa maneno mengine, kuna kazi imefanyika kabla yetu. Mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice, na Microsoft nao waliweka Kiswahili kwenye Windows. Humo utakuta faili, kipanya, kivinjari, nenosiri. Mengi yameshazoeleka, mengine hayajawahi kutoka nje ya menyu. Kipimo changu ni buku la simu. Sijawahi kupokea simu ya mtu aliyesahau nywila. Nimepokea nyingi za waliosahau "paswedi", na za wazee waliosahau "namba ya siri", kwa sababu M-Pesa imeshawafundisha neno hilo. Kwa hiyo kwenye kichwa naandika "Nimesahau nenosiri (paswedi)", na maisha yanaendelea.

Tengeneza orodha ya maneno ya nyumba yako, ukurasa mmoja tu, na usiivunje. Ukisema "muamala" mara ya kwanza, usigeuke kusema "shughuli" mara ya pili ili kupendezesha lugha. Msomaji atadhani ni vitu viwili. Mimi natumia "bofya" kwa kompyuta, "gusa" kwa simu ya kioo, "bonyeza" kwa kitufe cha kibodi. Kama wateja wako wako Kenya utaandika "nambari" na "bonyeza" ndilo litakalokuwa neno lako la kila mahali. Usichanganye soko mbili kwenye sentensi moja.

Kwa nini watu wanatafuta kwenye tovuti yangu na hawapati kitu, wakati ukurasa upo?

Swali hili lilinichukua muda kulielewa, na miongozo ya kigeni haitakuambia.

Kisanduku cha kutafuta cha MkDocs kinatumia programu iitwayo lunr. Inaposoma kurasa zako, inajaribu kukata maneno yabaki mashina ili mtu akitafuta namna moja ya neno apate na nyingine. Lakini inakata kwa kanuni za Kiingereza, yaani inakata mkia. Kiswahili chetu kinabadilika zaidi kichwani: nimelipa, nalipa, atalipa, hajalipa, kulipa. Kwa macho ya lunr hayo ni maneno matano yasiyojuana. Mtu anaandika "nimekosea", ukurasa wako una "kukosea", anapata sifuri, anapiga simu.

Dawa niliyoipata haina gharama. Mwisho wa kila ukurasa naweka mstari mmoja: "Watu pia husema: nimekosea kuingiza, nimechanganya wanachama, kufuta risiti, kurudisha muamala, nimekosea jina." Maneno hayo yanatoka kwenye kaunta buku. Hayapendezi, lakini kisanduku kinayaona. Na vichwa vya habari viandike kwa nafsi ya kwanza, "nime-" na "na-", kwa sababu ndivyo watu wanavyochapa wakiwa wamekwama.

Picha za skrini niweke ngapi?

Chache. Picha ya skrini nzima ikiwa PNG hufika kirahisi KB 400. Weka kumi kwenye ukurasa mmoja, umemtoza msomaji MB 4 ili asome sentensi sita. Kata picha ibaki sehemu inayohusika tu, ipunguze upana, kisha igeuze kuwa WebP, aina ya picha nyepesi kuliko PNG. Tovuti ya Squoosh inafanya hivyo ndani ya kivinjari bila kuipeleka picha yako kokote, na mara nyingi picha zangu hushuka chini ya KB 40. Kupiga picha, Windows ina Windows+Shift+S; ukitaka mishale na namba juu ya picha, Greenshot na ShareX ni za bure, na kwenye Linux kuna Flameshot.

Weka picha pale tu ambapo maneno yanashindwa kumwonyesha mtu kitu kilipo. Picha ya kitufe cha Save haimsaidii yeyote.

Na video?

Wateja wanaziomba, na bosi anazipenda. OBS Studio ni ya bure na inarekodi vizuri. Shida inakuja kitufe kikihama: ukurasa unaurekebisha kwa dakika mbili, video unarekodi upya yote. Pia msomaji anayebana bando huangalia kwa ubora wa chini kabisa, na hapo maandishi ya skrini yanakuwa ukungu. Mimi nina video tatu tu, za mambo ya mwendo kama kuunganisha printa ya risiti, na kila moja ina hatua zake zilizoandikwa chini yake.

Wateja wetu wako mahali mtandao unakatika. Watasomaje?

Wape tovuti nzima kwenye flashi. Kabla ya kuijenga, weka use_directory_urls: false kwenye mkdocs.yml, la sivyo viungo havitafunguka vizuri mtu akibofya faili moja kwa moja. Kisanduku cha kutafuta hakitafanya kazi kwa njia hiyo, kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe na orodha kamili ya maswali.

Wengine bado hutengeneza CHM kwa ajili ya hili. Inafanya kazi kwenye Windows, ila faili lililopakuliwa kutoka mtandaoni mara nyingi hufunguka kurasa zikiwa nyeupe, mpaka mtu aende kwenye Properties na kuweka alama ya Unblock. Utaandika ukurasa wa msaada wa kufungua msaada.

Nitajuaje kama kurasa zinasaidia?

Kaa pembeni ya mtu. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia mifumo, aliandika kwamba watumiaji watano wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo, na mimi sijawahi kuhitaji zaidi ya hao. Gharama ni nauli na soda.

Mara ya kwanza nilikaa na dada mmoja wa dirishani, nikampa ukurasa wangu wa kufunga siku. Sheria niliyojiwekea ilikuwa kunyamaza. Akasoma hatua ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu: "Hakikisha salio la mfumo linalingana na fedha taslimu." Akanyanyua kichwa, akaniangalia. "Nahakikishaje?" Nikanyamaza. Akarudi kwenye skrini, akapiga kikokotoo cha simu, akahesabu noti droo nzima, akakuta tofauti ya shilingi 2,000, na ukurasa wangu haukuwa na neno lolote kuhusu mtu aliyekuta tofauti. Dakika kumi na moja zilipita. Mimi ukurasa ule nilikuwa nimeusoma mara ishirini na kuuona umekamilika.

Baada ya hapo, linganisha vijiti kwenye kaunta buku mwezi hadi mwezi. Swali lenye ukurasa likiendelea kuja, ukurasa ndio wenye kosa.

Naweza kuiachia akili mnemba iandike?

Inaweza kukusaidia kufupisha sentensi ndefu au kukupangia rasimu. Lakini haijawahi kuuona mfumo wako, na itakutajia kwa kujiamini kabisa menyu ambazo hazipo. Kiswahili chake nacho huwa kinateleza kuelekea ile "moduli humwezesha mtumiaji" niliyoianza mimi. Kila hatua uibofye mwenyewe kabla ya kuipeleka hewani. Na usiipe picha zenye taarifa za wateja.

Nijifunze wapi bila kulipa ada?

Google wana kozi za uandishi wa kiufundi zilizo wazi kwa kila mtu, na mwongozo wao wa mtindo pia uko wazi. Microsoft nao wameweka wao mtandaoni. Jumuiya ya Write the Docs, iliyoanza Portland mwaka 2013, ina mihadhara mingi iliyorekodiwa. Vyote ni vya Kiingereza, hilo ni pengo la kweli.

Shule bora zaidi ni kujitolea kwenye programu huria. LibreOffice na OpenMRS, huu wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake iko Eldoret, hupokea marekebisho ya miongozo kutoka kwa yeyote. Rekebisha ukurasa mmoja uliopitwa na wakati. Atakayekuuliza kesho "umewahi kuandika nini?", unamtumia kiungo.

Bosi anasema ni kupoteza muda, mteja apige simu tu.

Mpelekee kaunta buku. Usimweleze kitu, mwachie mezani ahesabu vijiti.

Sina laptop, nina simu tu. Naweza?

Unaweza, kwa kubanabana. GitHub Pages ina Jekyll ndani yake: ukiandika faili la Markdown moja kwa moja kwenye tovuti ya GitHub kwa kivinjari cha simu, yenyewe inaligeuza kuwa ukurasa bila wewe kusakinisha chochote. Kwenye Android unaweza hata kuweka Termux, programu ya kuandikia amri, na Python ndani yake, ingawa kuandika kwa vidole gumba kunachosha na utatamani kibodi.

Mimi kurasa mpya naandika ofisini, lakini marekebisho mengi nayafanya kwa simu. Siku moja nikiwa kwenye daladala, tumekwama Magomeni, dada mmoja wa tawini akaandika kwamba hatua ya tatu inasema kulia na kitufe chake kiko kushoto. Tulikuwa tumekihamisha wiki ile. Nikafungua faili, nikabadilisha neno moja, nikahifadhi, nikamwambia asubiri kidogo kisha afungue upya. Nashuka Posta, jibu limeshaingia: "Imekubali kaka. Sasa ile ya kuchapa ripoti nayo iangalie."